Mama ananiuliza: Zaburi ya 91 ilikuwa ya uongo, au mwanangu hakuwa na imani?

Mtoto_wa_Kwanza · #1

Shalom wakuu. Naomba msaada, hasa kwa wanaolijua Neno.

Wiki sita zilizopita mdogo wangu alifariki kwa ajali. Alikuwa anaimba besi kwenye kwaya ya usharika wetu. Walikuwa wanarudi kutoka kwenye kongamano na Coaster ya kukodi, barabara ya Iringa, wako kwenye mteremko tairi la mbele likapasuka. Walifariki watatu. Kabla ya kuondoka waliomba, na aliyesoma Neno alikuwa yeye. Alisoma Zaburi ya 91 yote na kuna mwanakwaya alirekodi kwa simu. Akifika mstari wa 10, "Mabaya hayatakupata wewe", sauti yake imetulia kabisa.

Ile video imemfikia mama. Ana miaka 68, na Zaburi hiyo ndiyo aliyotulaza nayo kila usiku tangu tukiwa wadogo. Juzi aliniita jikoni akaniuliza: "Baba, niambie. Zaburi ilikuwa ya uongo, au mwanangu hakuwa na imani?" Nilikosa jibu. Tangu siku hiyo Biblia yake iko juu ya kabati, hajaishusha.

Jumamosi ya wiki ijayo tunamaliza matanga na mimi ndiye nimepangiwa kusema neno kwa niaba ya familia. Sitaki jibu la kumnyamazisha mama. Nataka jibu.

Jeshi_la_Bwana · #2

Pole sana mtumishi. Nisikilize kwa upendo. Zaburi 91 ina masharti na watu wengi wanayaruka. Mstari wa 1 unasema "Aketiye mahali pa siri", sio anayepita. Mstari wa 14 unasema "Kwa kuwa amekaza kunipenda". Ahadi ni kwa aliyekaa. Simhukumu marehemu, lakini kwenye gari moja kunakuwa na watu wengi, na mlango unaweza kufunguliwa na mtu mwingine, au na agano la ukoo ambalo halijavunjwa. Ingieni kwenye maombi kama familia, mfunge hilo lango kabla halijachukua mwingine.

DadaMwalimu · #3

#2 hapana, na naisema hapana hiyo kwa nguvu zangu zote. Mama wa watu amebakiwa na maswali mawili, wewe umemwongezea la tatu: ni nani kwenye ukoo wetu aliyemuua mtoto?

Soma Luka 13. Mnara wa Siloamu uliangukia watu 18 wakafa. Yesu akauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Hakuzungumzia mlango wala lango. Mtoa uzi, kwenye hiyo ibada mtu asisimame akasema maneno ya #2 mbele ya mama yako. Mzuie hata kama ni mwinjilisti.

Fundi_Gereji · #4

Poleni wafiwa. Mimi sio mtu wa mistari, ni fundi. Hilo tairi lilikuwa la mwaka gani?

Ubavuni mwa tairi kuna namba nne kwenye kiduara kama yai. Ikiandikwa 1714, maana yake limetengenezwa wiki ya 17 ya mwaka 2014. Matairi mengi ya mtumba yanaingia na kashata nzuri, ukiliangalia unasema jipya, kumbe mpira umeshakauka ndani. Likishuka mlima na mzigo, breki zinachemka, joto linapanda, linapasuka. Na la mbele likipasuka, dereva anabaki kushika usukani tu.

Nimezika wateja wangu wanne. Wote walikuwa wanaomba kabla ya safari.

Mtoto_wa_Kwanza · #5

Fundi, umegusa mahali penyewe. Dereva, ambaye alipona, anasema alimwambia mwenye gari mara mbili kuhusu yale matairi ya mbele. Akaambiwa apige safari hii moja kwanza, hela ya matairi itatoka humo. Mama hajui. Sijui nimwambie au nimwache.

DadaMwalimu asante.

Mwanachuo_wa_Neno · #6

Pole sana kaka. Niko mwaka wa tatu chuo cha Biblia, Zaburi hii tumeisoma muhula uliopita.

Jambo la kwanza: mtu wa kwanza katika Agano Jipya kuitumia Zaburi 91 kama hakikisho kwamba hutaumia ni Shetani. Ni Mathayo 4:6, juu ya kinara cha hekalu: jitupe chini, malaika watakuchukua. Na alipoinukuu alikata maneno "wakulinde katika njia zako zote". Yesu hakusema Zaburi ni ya uongo. Alikataa kuigeuza kuwa jaribio la kumpima Mungu.

La pili, mstari wa 15. Watu wanakariri wa 7 na wa 10 wakisahau wa 15: "Nitakuwa pamoja naye taabuni". Daudi mwenyewe aliyeiandika anajua taabu ipo, maana huwezi kuahidiwa kuwa na mtu taabuni kama taabu haitamfika.

Mkaguzi · #7

#6 umesema vizuri ila marekebisho mawili. Kwa Luka (4:10) Shetani anasema "wakulinde", anachokata ni "katika njia zako zote" tu. Na Zaburi 91 kwa Kiebrania haina jina la mtunzi. Tafsiri ya kale ya Kigiriki ndiyo iliyoweka jina la Daudi, na walimu wa Kiyahudi wengine walimpa Musa kwa sababu ya 90 inayotangulia kuitwa sala ya Musa.

Mwanachuo_wa_Neno · #8

Sahihi mkuu, nimepokea.

Mzee_wa_Usharika · #9

Poleni sana wanangu. Nimekuwa mzee wa kanisa miaka 31 na nimesimama kwenye makaburi mengi. Mimi huwa narudi Matendo 12.

Herode anamkamata Yakobo, anamuua kwa upanga. Mstari mmoja tu, umekwisha. Halafu anamkamata Petro, anamweka chini ya vikosi vinne vya askari wanne wanne, malaika anakuja, minyororo inaanguka. Wote wawili mitume, wote walikuwa na Bwana mlimani alipogeuka sura. Luka ameandika kwamba kanisa lilimwomba Mungu kwa juhudi kwa ajili ya Petro. Mimi siamini hata kidogo kwamba hawakumwombea Yakobo. Na mama yake Yakobo je? Yule aliyewaombea wanawe wakae kuume na kushoto kwa Yesu. Alikaa nyumba gani siku Petro anabisha mlango?

Luka anaacha hivyo hivyo, hatoi sababu. Na mimi nimejifunza kuacha pale alipoacha Luka.

Jeshi_la_Bwana · #10

Mzee wangu kwa heshima zote, ndiyo maana kanisa limelala. Kifo cha Yakobo kiliwaamsha, wakaomba kwa juhudi, Petro akatoka. Ni somo la maombi hilo. Tukisema "hatoi sababu" tunawafundisha watu kukubali kila kitu.

Mzee_wa_Usharika · #11

Mwanangu, kwa hiyo Yakobo alikufa ili wengine wajifunze kuomba? Nenda kamwambie mama yake.

Wa_Thika_Road · #12

Poleni sana kutoka Kenya. Sisi swali hili tulilibeba mwaka 2015. Garissa, Aprili 2, ilikuwa Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu. Watu 148 waliuawa na magaidi wa al-Shabaab pale chuo kikuu, na baadhi ya wanafunzi walikuwa kwenye maombi ya alfajiri. Walikuwa wameketi mahali pa siri hasa, #2. Binti mmoja akatolewa kwenye kabati baada ya siku mbili, mzima. Pasta wetu Jumapili ya Pasaka alisimama madhabahuni akashindwa kuhubiri, akaomba tuimbe tu.

Lakini Desemba hiyo hiyo, tarehe 21, basi la kwenda Mandera lilivamiwa, na wale wauaji wakataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Akina mama wakawapa Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari. Nikisikia "atakuagizia malaika zake" mimi nawaona wale akina mama wakivua vitambaa vyao.

AbuSwaleh_Tanga · #13

Poleni majirani zetu, na marehemu apumzike. Mimi ni Muislamu, nasoma kimya kimya huu uzi tangu asubuhi.

Swali hili na kwetu lipo. Sisi tunasoma Ayatul Kursiy tukitoka, na watu wetu wanakufa barabarani vilevile. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa lori, akisoma dua yake, kisha anashuka kugonga matairi na chuma, moja baada ya jingine. Akituambia Mtume alimwambia bedui amfunge ngamia wake kwanza kisha ategemee. Mimi naona #4 ndiye aliyesema dini kuliko wote humu.

Fundi_Gereji · #14

Shekhe umenipandisha cheo, kesho naja gereji na joho 😄

BintiSengerema · #15

Naomba niseme la kwetu. Mama yangu mdogo alikuwa apande MV Bukoba, Mei 1996. Mtoto alishikwa na degedege usiku ule, wakabaki. Asubuhi ya tarehe 21 meli ikazama karibu kabisa na Mwanza. Watu zaidi ya 800.

Kwa miaka mingi alikuwa anatoa ushuhuda kanisani: Bwana alinizuia nisipande. Watu wanapiga makofi. Jumapili moja akatoa ushuhuda huo kama kawaida, alipokaa akagundua dada aliyekaa naye benchi moja ni mgeni kutoka Bukoba, na mume wake alikuwa kwenye ile meli. Na mume wake alikuwa shemasi. Yule dada hakusema neno, alimshika tu mkono mama mdogo mpaka ibada ikaisha.

Mama mdogo hajasimama tena na ushuhuda ule. Anamshukuru Mungu nyumbani. Anasema hakuacha kuamini kwamba alilindwa, ila hajui namna ya kulisema bila kumwambia mwenzake kwamba wa kwake aliachwa.

DadaMwalimu · #16

#15 nimelia.

Kutoka_Kigali · #17

Bwana asifiwe. Kiswahili changu mnisamehe.

Mnajua kwa nini watu walikimbilia makanisani kwetu mwaka 1994? Wengi wanafikiri ni imani tu. Ni kwamba kwenye machafuko ya nyuma makanisa yaliwahi kuokoa watu, wauaji waliogopa kuingia. Wazazi walikuwa wanakumbuka. Kwa hiyo walikimbilia mahali palipowahi kuwalinda. Nyamata, Ntarama, na kwingine, wakauawa humo humo. Ukienda leo Nyamata, nguo zao zipo juu ya mabenchi.

Mimi niliokoka, nilikuwa na miaka 9. Sikuulinda uhai wangu mimi na sikuomba vizuri kuliko dada zangu. Ukiniuliza kama Mungu alinilinda nasema ndiyo. Ukiniuliza kama hakuwalinda dada zangu, nasema sijamaliza kuzungumza naye. Nazungumza naye kila siku.

Mzee_wa_Usharika · #18

Mwanangu wa Kigali, nakushukuru. Mimi nimemaliza maneno.

Mrefomu · #19

Wakuu, mimi naona tunachanganya mambo mawili. Biblia inaposema Mungu huwalinda watu wake, kilele chake ni kulindwa kwenye wokovu. 1 Petro 1:5, "mnalindwa na nguvu za Mungu kwa njia ya imani", imeandikwa kwa watu wanaoteswa. Yohana 10:28, hakuna atakayewapokonya katika mkono wake. Angalia Luka 21: mstari wa 16 baadhi yenu watafishwa, mstari wa 18 hautapotea hata unywele mmoja. Mistari miwili tu imepita! Bwana hakusahau alichosema. Na Paulo, 2 Timotheo 4:18, "Bwana ataniokoa na kila neno baya", anaandika huku anajua kifo chake kimekaribia.

Kwa hiyo jibu la mama: Zaburi ni kweli, na imani ya mwanao ilikuwepo. Ameshikwa. Mdogo wako hajapotea.

Mlokole_wa_Bukoba · #20

#19 nakuunga mkono nusu. Ila usiingize humu ile ya "ukiokoka umeokoka". Waebrania 6:4-6 inasema watu waliokwisha kupewa nuru na wakaanguka. Sisi tuliolelewa na uamsho tunajua ndugu aliyetembea nuruni miaka 20 akarudi nyuma, akafa hivyo.

Mrefomu · #21

Huyo hakuwa wa kwetu, 1 Yohana 2:19. Na Wafilipi 1:6, aliyeanza kazi ataimaliza.

Mlokole_wa_Bukoba · #22

Kirahisi hivyo? Akisimama mlokole, akianguka hakuwa mlokole. Basi mimi leo nitajuaje kama ni mlokole?

Mkaguzi · #23

Ndugu zangu, hili walikaa nalo kwenye sinodi ya Dort kule Uholanzi kuanzia 1618 hadi 1619, wakasema aliyeokoka kweli hapotei, na Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, baadaye akalikataa hadharani, na makanisa yakaachana hivyo. Hamlimalizi hapa kwa simu. Fungueni uzi wenu, nitakuja. Hapa kuna mtu anasubiri neno la Jumamosi.

Mwanachuo_wa_Neno · #24

Niongeze moja kwa Mrefomu. "Kulindwa kwenye wokovu tu" inabana mno. Mama alikuwa anaomba mtoto afike nyumbani, na Biblia inajua maombi ya namna hiyo. Matendo 27, merikebu inavunjika, watu 276 wanafika nchi kavu wote salama, miili yao. Na humo humo Paulo, aliyekwisha ahidiwa na malaika kwamba hakuna atakayekufa, anawaambia askari kuhusu mabaharia waliotaka kutoroka: "Hawa wasipokaa ndani ya merikebu, hamtaweza kuokoka". Ahadi ipo na mabaharia wanahitajika. Fundi, hapo umo.

Mtoa uzi, mwenye gari aliyeambiwa mara mbili ni sehemu ya jibu. Usimwachie Mungu deni la mtu.

Kijana_wa_Songea · #25

Kuna jambo hatusemi. Kwetu Ruvuma tunakua na simulizi za Majimaji. Kinjekitile kule Ngarambe alitoa maji, risasi zitageuka maji. Watu wakasonga mbele ya bunduki. Babu wa babu yangu alikuwa mmoja. Na Agosti 1905, upande wa pili, Askofu Cassian Spiss na wenzake walikuwa safarini kwenda Peramiho, wakauawa njiani sehemu za Liwale. Naamini nao waliomba asubuhi ile. Huku maji, huku sala, wote wamelala kwenye udongo mmoja.

Sasa leo naona chupa za mafuta, stika za damu ya Yesu kwenye vioo, Zaburi 91 imebandikwa mlangoni. Je, tunamwamini Mungu au tunatumia maji?

Jeshi_la_Bwana · #26

#25 usifananishe damu ya Yesu na uganga. Tafadhali sana.

Mkaguzi · #27

Hajafananisha damu, amefananisha tunavyoitumia. Na sio jipya. Misri ya kale wameokota bangili na vipande vya mafunjo vyenye Zaburi hii hii, Wakristo walivaa kama kinga. Qumran, kwenye mapango karibu na Bahari ya Chumvi yalikokutwa maandiko ya kale ya Kiyahudi, pango la 11, imekutwa pamoja na nyimbo za kufukuza pepo. Watu wameing'ang'ania Zaburi hii miaka elfu mbili kwa sababu wanaogopa, na mimi siwezi kumlaumu mtu anayeogopa barabara zetu.

Nansubuga_K · #28

Uganda hapa. Mashahidi wetu 22 wa Namugongo waliochomwa Juni 3, 1886, hawakuwa na mafuta. Walikuwa wanaimba.

Mkaguzi · #29

Dada, 22 ni Wakatoliki waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Waanglikana wanahesabu 23 wa kwao. Na sio wote walifia Namugongo wala siku hiyo moja, wengine waliuawa tangu 1885.

Nansubuga_K · #30

Webale, mkaguzi wetu. Wewe hata mbinguni utaomba orodha ukague 😄 Ila nimeelewa.

Mama_Teresia · #31

Mimi ni Mkatoliki, naandika kwa kifupi maana nasubiri zamu. Ni muuguzi. Wodini watu wanaomba Zaburi hii kitandani. Wengine wanatoka wakitembea, wengine nawafunika mimi mwenyewe. Waebrania 11 mstari wa 34, kwa imani waliokoka na makali ya upanga. Mstari wa 37, waliuawa kwa upanga. Upanga ni huo huo na imani ni hiyo hiyo. Mwambie mama: mwanao yuko kwenye mstari wa 37. Imani yake haikuwa ndogo kuliko ya wale wa 34.

Sisi Zaburi hii tunaisali Jumapili usiku, sala ya mwisho kabla ya kulala. Kama mama yako alivyowalaza nayo.

Mwanachuo_wa_Neno · #32

Nimekumbuka kitu baada ya kusoma #31. Wayahudi, ambao Zaburi hii ni yao kabla yetu, wana desturi ya kuisoma wakati wa maziko. Wanaisoma wakiwa wamembeba maiti kwenda kaburini, wanasimama, wanaendelea, wanasimama tena. Hiyo hiyo ya "mabaya hayatakupata wewe". Sijui wanaielewaje kinywani wakati huo. Lakini hawajaona kwamba kifo kimeifanya kuwa ya uongo.

Mtoto_wa_Kwanza · #33

Wakuu, nimesoma yote, mengine mara tatu. Ibada ilikuwa jana.

Kwenye neno la familia nilisoma Matendo 12:2 na kuishia hapo, kama Mzee alivyosema. Nikasema hatuna sababu ya kutoa. Nikasema pia kwamba tairi lilikuwa bovu na kuna mtu alijua. Watu waliguna, mjomba alikasirika kwamba nimeleta mambo ya polisi msibani. Mama hakukasirika. Aliinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu tuanze.

Usiku tulibaki wawili. Nikamwambia habari za mstari wa 34 na wa 37, akaniambia, "Ningependa awe wa 34." Nikamwambia hata mimi. Nikamsimulia na ya Wayahudi. Akauliza, "Wanaisoma wakiwa wamembeba?" Nikasema ndiyo. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema pale makaburini hakuna aliyemsomea mwanawe Zaburi yake, walisoma nyingine.

Asubuhi hii ameniomba nimpeleke kaburini jioni. Biblia ameishusha mwenyewe, ila hajaifungua.

Jeshi_la_Bwana · #34

Bwana amtie nguvu mama. Msimamo wangu juu ya mstari wa 14 haujabadilika, lakini #2 niliiandika kwa haraka kwa mtu mwenye msiba. Nisamehe kaka.

Mtoto_wa_Kwanza · #35

Yamekwisha ndugu yangu.

Kutoka_Kigali · #36

Mkifika kaburini someni polepole. Akishindwa katikati, msimalizie haraka kwa niaba yake. Msubirini.

Fundi_Gereji · #37

Mtoa uzi, nimesikia kwaya yenu ina safari nyingine mwezi wa kumi. Kabla hamjalipia gari, nitumie inbox picha za matairi yote sita na la akiba, nione zile namba. Sitaki hela.